Kibali cha awali kwenye mto Sabaki: mwanunua nini hasa?

Swali: "Injinia, shikamoo. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima hapa Kakoneni. Tuko watu thelathini na mmoja na mashamba yetu yanagusa Sabaki. Twapanda mahindi, bamia na matikiti, na maji twayavuta kwa pampu za petroli ambazo zatumaliza. Mwaka huu tumeazimia kuweka mtambo mdogo wa umeme wa maji. Amekuja bwana mmoja kutoka Nairobi, asema lazima kwanza tuchukue 'kibali cha awali', la sivyo kampuni nyingine itatunyang'anya sehemu yetu ya mto, na yeye atatutolea kwa shilingi laki nne. Kijana wetu aliye chuoni ametafuta mtandaoni akaona kweli Marekani kuna kibali kama hicho. Je, kwetu kipo? Kinatupa haki gani? Na tuanzie ofisi gani?"

Marahaba, Mwenyekiti. Zile laki nne zikae hukohuko kwenye akaunti ya kikundi. Sisemi huyo bwana ni tapeli. Simjui, na huenda yeye mwenyewe anaamini anachokiuza. Lakini anachokiuza hakimo kwa jina hilo katika sheria zetu, na hata kingekuwemo kisingewapa mnachodhani kinawapa.

Kijana wenu hakukosea. Marekani kibali hicho kipo, na hutolewa na tume ya serikali kuu iitwayo Federal Energy Regulatory Commission. Anayekipata hupewa muda wa kuchunguza mahali alipopataja: apime maji, achore ramani, azungumze na majirani, apige hesabu ya gharama. Zamani muda huo ulikuwa miaka 3, sheria ya 2018 ikaufanya 4. Akiwasilisha maombi ya leseni ya kujenga kabla muda haujaisha, yeye hutangulizwa mbele ya wengine wanaoitaka sehemu ileile. Haki yake yote ni hiyo. Kibali hakimruhusu kujenga chochote, wala hakimpi haki ya kukanyaga shamba la mtu mwingine bila ridhaa ya mwenyewe. Alazimika kupeleka ripoti za maendeleo ya kazi yake, na asipofanya hivyo kibali chaweza kufutwa. Tena si lazima kuwa nacho, kwani mtu aliyejiandaa aweza kwenda moja kwa moja kuomba leseni.

Mwaijua foleni ya mitungi kwenye bomba la maji wakati wa kiangazi. Mtu aja alfajiri, aweka mtungi wake, arudi nyumbani kupika chai. Mtungi unamshikia zamu, haumjazii maji. Akichelewa kurudi, watu wanausogeza kando. Kibali cha awali cha Wamarekani ni mtungi kwenye foleni. Swali lenu la kwanza basi lingekuwa hili: je, Kakoneni kuna foleni?

Nijuavyo mimi Sabaki, kuanzia Chakama mpaka Mambrui, hakuna. Na sababu yake si kwamba watu wamelala. Nitaifikia.

Kwetu Kenya hakuna karatasi moja iitwayo kibali cha awali cha umeme wa maji. Kuna vitu viwili vinavyofanana nacho, kila kimoja kwa namna yake. Cha kwanza kiko Wizara ya Nishati. Tangu 2008 serikali imekuwa na sera ya kununua umeme wa wazalishaji wadogo kwa bei iliyopangwa kabla, na ilipopitiwa upya 2021 ikabakizwa kwa mitambo midogo ya maji, ya mabaki ya mimea na ya gesi ya samadi, isiyozidi megawati 20. Sola na upepo vikahamishiwa kwenye mnada. Anayetaka kuingia huko hupeleka wizarani maombi ya kuonyesha nia, na yakikubaliwa hupewa nafasi ya kufanya upembuzi wa mahali alipopataja. Hicho ndicho kitu chetu kilicho karibu zaidi na kibali cha Wamarekani, na nadhani ndicho huyo bwana anachokizungumzia. Lakini ni cha watu wanaotaka kuiuzia Kenya Power umeme kupitia gridi. Nyinyi mwataka kuvuta maji ya bamia. Ni kama kuomba leseni ya matatu ili umpeleke mkeo sokoni. Isitoshe, kwa miaka kadhaa baada ya 2021 mikataba mipya ya kununua umeme iliwekewa zuio, na walioshika barua zao za wizara walikaa nazo kabatini.

Cha pili kiko Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo sote twaiita WRA. Hapo utaratibu huanza na idhini ya kujenga. Ukishajenga kazi hukaguliwa, na ikikubalika ndipo unapopewa kibali chenyewe cha kutumia maji. Idhini hiyo ya kujenga ni ya awali, ndiyo, lakini haishikilii foleni. Huipati bila michoro na ripoti ya maji ya mto. Yaani kazi ambayo kibali cha Kimarekani humpa mtu muda wa kuifanya, WRA wataka uje ukiwa umeshaifanya.

Sasa niwaambie kile ambacho huyo bwana hakuwaambia, na ndicho kilichonifanya niandike jibu refu badala ya mistari mitatu.

Umeme wa maji unatoka kwenye vitu viwili tu: wingi wa maji yanayopita kwa sekunde, na urefu yanaoanguka. Huo urefu sisi mafundi twauita mwanguko. Zidisha mita za ujazo kwa sekunde mara mita za mwanguko mara 9.81, upate kilowati zilizomo majini. Kisha toa zinazopotea kwenye mfereji, kwenye turbaini na kwenye jenereta. Kwa mtambo mdogo uliojengwa vizuri mtabakiwa na sita katika kumi, kwa hiyo zidisha tena mara 0.6. Mwanafunzi wa darasa la nane aweza kuifanya hesabu hiyo.

Watu wa mlima Kenya wana maji kidogo na mwanguko mkubwa. Ndiyo maana wakulima wa Tungu-Kabiri, kwa msaada wa Wizara ya Nishati na shirika la Practical Action, waliweza kujenga mtambo wa kilowati 18 kwenye kijito ambacho ukikiona utakidharau. Ndiyo maana viwanda vya chai vya huko vina mitambo yao. Sabaki ni kinyume chake. Ni mto mkubwa, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Athi inauleta kutoka bara, Tsavo inauongezea maji ya upande wa Kilimanjaro na chemchemi za Mzima, na vikikutana unaitwa Galana hadi ukaribie kwetu. Maji yapo, lakini mteremko haupo. Nguvu yake umeshaitumia huko juu kwenye mawe, na ukifika Kakoneni ni mzee anayetembea kwa fimbo kuelekea baharini.

Tufanye mfano. Tuseme mmepima mkakuta sehemu yenu mto unashuka mita 1 kwa kila kilomita. Mkitaka mwanguko wa mita 2 lazima mchimbe mfereji wa kilomita 2, uliolala karibu sawasawa bila mteremko, ukipita mashamba ya watu, kabla hamjayaangusha maji kwenye mtambo. Mkipitisha mita 2 za ujazo kwa sekunde, na huo ni mfereji mpana ambao mtoto akitumbukia ni msiba, mtapata 2 mara 2 mara 9.81 mara 0.6, yaani kama kilowati 23 na nusu. Si haba. Zinasukuma pampu kadhaa, kinu cha posho na chumba cha baridi cha matikiti. Lakini hesabuni gharama ya kuchimba kilomita 2 kwenye mchanga, kuzijengea kingo zisimomonyoke, na kuzifukua kila baada ya masika.

Najua mtu atasema: tuweke ukuta kuvuka mto, tupandishe maji. Ukuta wa mita 2 kwenye mto ule, kwenye msingi wa mchanga, si kazi ya kikundi. Novemba 2023 mvua za El Nino zilikata barabara kuu ya Mombasa na Malindi pale Mbogolo, na kile ni kijito tu ukikilinganisha na Sabaki. Wazee wa Jilore wawasimulie 1997. Tena ukuta huo utayarudisha maji nyuma mpaka kwenye mashamba ya majirani wa juu, na hao hamtahitaji wakili kujua wamekasirika.

Halafu kuna udongo. Mnayaona maji yalivyo mekundu. Nyinyi mwayaona huko, sisi twayaona huku ghuba ya Malindi bahari inapogeuka rangi ya chai ya maziwa, na pwani ya mji ikazidi kujaa mchanga mwaka baada ya mwaka. Mchanga ukipita kwenye mapanga ya mtambo kwa kasi unafanya kazi ya msasa. Mtambo ambao Kirinyaga ungekaa miaka kumi na tano bila kubadilishwa mapanga, hapa waweza kuisha mapema mno, msipojenga bwawa la kutulizia maji ambalo nalo litataka kuzolewa tope kila mara. Kumbukeni hata wale wa Baricho, wanaopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa, hawategemei kuchota yale mekundu ya juu. Wana visima kwenye mchanga wa bonde la mto. Walijifunza.

Sitaki mniamini kwa maneno. Pimeni wenyewe, haitawagharimu hata elfu tano.

Ngojeni kaskazi ikolee, Februari au mwanzo wa Machi, mto ukiwa mnyonge. Msipime Mei, Mei kila mto ni tajiri. Tafuteni mahali mto umenyooka kwa mita 20 hivi, mtie vijiti pande zote mbili mwanzo na mwisho. Pimeni upana. Pimeni kina kwa mti wenye alama, kila baada ya mita mbili, mpate wastani. Mwekeni mtu mmoja wa kuangalia mamba na asifanye kazi nyingine yoyote, nasema kwa dhati, na viboko pia alfajiri na magharibi. Kisha tupeni nazi kavu yenye kumbi lake katikati ya mkondo, juu kidogo ya kijiti cha kwanza, mhesabu sekunde mpaka ifike cha pili. Rudieni mara kumi. Tuseme upana ni mita 20, kina cha wastani nusu mita, na nazi imechukua sekunde 40. Eneo ni mita 10 za mraba, kasi ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo punguzeni, zidisheni mara 0.8. Jibu: mita 4 za ujazo kwa sekunde. Na hizo zote si zenu, kama nitakavyoeleza.

Mwanguko mtaupima kwa ule mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Ujazeni maji, mwondoe mapovu yote, mtembee nao kando ya mto hatua kwa hatua mkiandika tofauti ya kila kituo. Kazi ya siku mbili kwa vijana wanne wenye subira. Msitumie simu. Simu hukosea mita tatu, nne, na nyinyi mwatafuta mita mbili.

Nilifanya kazi bara miaka mingi na kuna kikundi kimoja sitakitaja. Walianza na makaratasi. Walikuwa na ripoti ya kurasa mia na zaidi, picha za rangi, barua kutoka ofisi tatu, na mgeni rasmi aliyekata utepe mahali ambapo mtambo ungejengwa. Niliitwa Februari. Nilivuka kijito kile bila kuvua viatu. Aliyepima alipima mara moja, mwezi wa tano, na hakuna aliyemwuliza.

Ikiwa baada ya vipimo hivyo mtaona bado pana kitu, hapo ndipo njia ya ofisi inapoanza, na mimi ningeipita hivi.

Kwanza ardhi na majina yenu. Kikundi kisichosajiliwa hakiombi kitu, na usajili wa vikundi sasa uko chini ya sheria ya 2022. Kwa mradi wa miaka ishirini mimi ningependelea ushirika au kampuni ambayo kila mwanachama ana hisa zake zilizoandikwa, maana kikundi cha kujisaidia hufa mwenyekiti akifa, samahani kwa kusema. Ardhi ndiyo itakayowachosha. Mfereji utapita kwa nani? Hati zipo? Ridhaa iandikwe, itiwe sahihi, mbele ya chifu na mashahidi. Na ukingo wa mto wenyewe si wa kujengewa ovyo: kanuni za maji zimetenga kati ya mita 6 na 30 kila upande kulingana na upana wa mto, na kwa mto wa ukubwa wa Sabaki ichukulieni ni 30.

Kisha WRA, na hapa watu wa kwetu hupotea njia. Sabaki iko katika bonde la Athi. Hata ukiishi upande wa Magarini na Garsen ikawa karibu kuliko Mombasa, msiende kwa watu wa Tana. Waombeni kumbukumbu za vipimo vya Galana na Sabaki za miaka iliyopita, maana vipimo vyenu vya Februari moja havitoshi. Mwaka mmoja waweza kuwa wa neema au wa balaa. Ulizeni pia kama sehemu yenu ina jumuiya ya watumiaji maji ya mto, ambayo Sheria ya Maji ya 2016 inaitambua. Ikiwapo, nendeni mkakae nao kabla ya kujaza fomu. Mkiwaruka, watawasubiri kwenye pingamizi, kwani maombi ya kibali cha maji ni lazima wananchi wahusishwe.

Nilisema mita 4 za ujazo zote si zenu. Sheria hiyohiyo ina kitu inachokiita akiba: maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya uhai wa mto wenyewe. Hayo hayaguswi. Na matumizi ya nyumbani hutangulia mengine yote. Mtu wa umeme husema, "Lakini mimi siyanywi maji, nayarudisha." Kweli, mnayarudisha kilomita 2 chini. Yule mama anayechota katikati ya hizo kilomita 2 amebaki na nini? Hilo ndilo swali afisa atakalowauliza, na anayo haki ya kuuliza. Ndiyo maana katika mfano wangu nilichukua nusu ya maji, na hata nusu yaweza kuonekana nyingi mwezi wa Machi.

NEMA, mamlaka ya mazingira, nao. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza mtu kujenga ndani ya mto au kugeuza mkondo wake bila idhini ya mamlaka hiyo kwa maandishi. Mtahitaji mtaalamu aliyesajiliwa kwao awaandikie tathmini ya athari, na jambo moja tu nitalisisitiza: awe ameuona mto. Muulizeni alisimama wapi.

EPRA, wasimamizi wa nishati, wataonekana wakali lakini kwenu huenda wakawa wepesi kuliko wote. Sheria ya Nishati ya 2019 haidai leseni kwa anayezalisha umeme wa matumizi yake mwenyewe usiozidi megawati 1. Kilowati 23 ni kama tone. Tatizo ni neno "mwenyewe". Pampu ya kikundi kwenye shamba la kikundi, sawa. Siku mtakapovuta waya hadi dukani kwa jirani na kumtoza kila mwezi, mmekuwa wauzaji wa umeme, na huo ni mlango mwingine. Andikeni barua, elezeni mwataka kufanya nini, mpate jibu la maandishi. Jibu la simu si jibu.

Kaunti ya Kilifi msiisahau, kwa vile mipango ya nishati ya mashinani ni kazi ya kaunti, na wahandisi wao wa kilimo wanaweza kuwasaidia bure kwa vipimo kuliko mnavyofikiria.

Kuhusu hofu ya kunyang'anywa, Mwenyekiti: kibali cha maji kwetu hufungamana na ardhi inayotajwa ndani yake. Mtu hawezi kukaa Nairobi akanunua maji ya Kakoneni kama anavyonunua hisa. Anayetaka kujenga hapo lazima apite kwenye mashamba yenu, awahusishe nyinyi kwenye vikao, na mna haki ya kupinga kwa maandishi. Kinga yenu ni hati za ardhi na kikundi kinachokutana.

Sehemu pekee ya mto huu ambayo ningetamani kama ningekuwa mwekezaji ni huko juu, kwenye maporomoko yanayoitwa Lugard, pale Galana inapojibana kwenye miamba. Lakini yako ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, na hapo mwenye nyumba ni Shirika la Wanyamapori. Watalii wanayapiga picha, nasi tutaendelea kuyaangalia vivyo hivyo.

Kijana wenu huenda pia ameona ile mitambo inayoelea, isiyotaka mwanguko, inayozungushwa na mkondo tu. Mtu mmoja wa Lamu aliwahi kuniuliza hilo kwa ajili ya mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, ambako maji yakijaa na kupwa hukimbia haswa. Nilimjibu kwamba hesabu yake ina sharti gumu: nguvu hufuata kasi mara kasi mara kasi. Maji ya mita 1 kwa sekunde yana wati 500 katika kila mita moja ya mraba, na mtambo mzuri huchukua theluthi. Yakishuka hadi nusu mita kwa sekunde, kama nazi yetu ya mfano, yana wati 62 tu. Theluthi yake ni wati 20, balbu mbili za chumbani. Yule wa Lamu angalau bamvua humpa kasi, ingawa maji mafu humnyima, na mara nne kwa siku mkondo husimama kabisa. New York walipata leseni ya majaribio ya mitambo ya mkondo wa bahari mwaka 2012 kwa mto wa East River, baada ya miaka ya kuvunjika mapanga na kuyaunda upya. Kakoneni mto haukimbii hivyo ila wakati wa mafuriko, na wakati huo unakimbia pamoja na magogo.

Basi nikiwa mimi ndiye mwenyekiti ningefanya nini? Ningepanda bodaboda hadi Langobaya, si mbali na kwenu, njia ileile ya kwenda lango la Sala. Pale tangu mwishoni mwa 2021 kuna shamba la sola la megawati 40 linalolisha gridi. Waliolijenga walikuwa na pesa za kutosha kwenda popote, na Sabaki walikuwa wakiiona. Walichagua jua. Kilowati moja ya paneli hapa pwani hutoa yuniti nne hivi kwa siku bila ukuta, bila mfereji, bila mamba. Kwa pampu ambayo sasa ingetumia yuniti 40 kwa siku, mnahitaji paneli za kama kilowati 10. Tena msinunue betri: pandisheni maji mchana kwenye tangi lililo juu, usiku yateremke yenyewe mashambani. Tangi ndiyo betri ya mkulima. Kibali cha WRA cha kuchota maji bado mtakihitaji, na pengine hata hizo pampu za petroli za sasa hazina. Ulizeni hilo kimyakimya mkiwa pale ofisini.

Huyo bwana akirudi, mkaribisheni chai na mumwulize maswali mawili. La kwanza: kibali anachokiuza ni cha sheria gani, kifungu cha ngapi, na kinatiwa sahihi na ofisi ipi. La pili: Sabaki hapa Kakoneni inashuka mita ngapi kwa kilomita. Akilijibu la pili kwa namba, na akawaonyesha daftari la vipimo, nipigieni simu, mimi mwenyewe nataka kumjua.

Na kama hamtaki kungoja Februari, ule mpira wa waashi waweza kuanza kazi hata kesho, mwanguko haubadiliki kwa msimu kama maji. Nileteeni namba za kila kituo zilivyoandikwa, msizisafishe, hata zile mnazodhani mmekosea.